Makaa Chini ya Majivu: Viini Vififu vya Galaksi Jirani

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka huu sitaki kuandika juu ya madhara ya dawa za kulevya wala umuhimu wa nidhamu shuleni, kwa maana hayo wenzangu wameyaandika, tena vizuri. Mimi nataka kuwapeleka mbali kidogo, hadi katikati ya galaksi za jirani, mahali palipokaa kimya kama kaburi, kumbe pana moto.

Nina sababu mbili za kufanya hivyo. Kwanza, katika mdahalo wetu wa muhula wa kwanza alisimama msemaji mmoja akadai ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na methali tu, na kwamba sayansi ya juu haielezeki kwayo. Watu wakampigia makofi! Kengele ililia kabla sijapata nafasi ya kumjibu. Jibu langu ndilo hili. Pili, habari yenyewe inagusa swali ambalo hata sisi wa darasani hukutana nalo kila siku: kitu kisipoonekana, je, ndiyo kusema hakipo?

Basi tuanze na mwanzo. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, gesi na vumbi, vyote vikiwa vimeshikwa pamoja na nguvu za uvutano. Jua letu ni nyota moja tu kati ya mabilioni mengi yaliyomo katika galaksi yetu, Njia Nyeupe. Umbali wa huko haupimwi kwa kilomita, maana tarakimu zingetuchosha kuziandika. Hupimwa kwa miaka ya nuru. Mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima, ukienda kasi ya kilomita 300,000 kila sekunde. Galaksi ninazoziita jirani ziko umbali wa miaka ya nuru milioni 10 hadi 50 hivi. Usicheke! Katika elimu ya nyota, huo ni ujirani wa nyumba kwa nyumba.

Katikati ya galaksi nyingi kubwa mna shimo jeusi, yaani kitu kizito mno kilichosongamana hivi kwamba hata mwanga ukishaingia hauwezi kuponyoka. Sasa utaniuliza: kama mwanga hautoki, hicho kiini cha galaksi hung'aaje? Swali zuri. Mwanga hautoki ndani ya shimo, hutoka mlangoni pake. Gesi inapovutwa haianguki moja kwa moja kama jiwe kisimani, bali huzunguka na kuzunguka kama maji ya beseni yanayokimbilia tundu. Katika kuzunguka huko gesi husuguana, ikapata joto kali ajabu, ikang'aa kabla ya kumezwa. Kiini chenye shimo jeusi linalokula namna hiyo huitwa kiini hai.

Viini hai vyenye ulafi mkubwa vilijulikana mapema. Mwaka 1943 Mmarekani Carl Seyfert alichapisha habari za galaksi chache zenye kiini king'avu, ambamo gesi huenda kwa kasi kubwa mno. Mwaka 1963 Maarten Schmidt akatambua kuwa kitu kimoja kilichofanana na nyota ya kawaida, kwa jina 3C 273, kiko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2. Kitu kilicho mbali hivyo na bado kikaonekana, lazima king'ae kuliko galaksi nzima ya nyota. Hao, msomaji wangu, ndio simba wanaonguruma. Lakini makala yangu si ya hao. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, na huyo ndiye aliyewasumbua wataalamu.

Kwa nini baadhi ya viini hai viwe vififu? Ziko sababu tatu, na ni vyema tuzitenganishe. Ya kwanza ni uhaba wa chakula. Shimo jeusi likipata gesi kidogo, mwanga wa mlangoni nao huwa kidogo. Ya pili ni nyota za jirani. Katikati ya galaksi nyota zimejazana, na mwanga wao hukizidi kiini, kama vile mshumaa unavyopotea ukiwashwa mbele ya taa za uwanja wa mpira. Ya tatu ni vumbi. Kati ya nyota na nyota pametanda chembe ndogo ndogo za vumbi ambazo huumeza mwanga njiani. Kiini chaweza kuwa kinang'aa vizuri kabisa, nasi tukaona giza tu.

Wataalamu hawakukaa kitako. Luis Ho, Alexei Filippenko na Wallace Sargent walitumia darubini ya mita 5 iliyoko Palomar, California, wakachunguza viini vya galaksi 486 za jirani. Waliutandaza mwanga wa kila kiini katika rangi zake, kama mche wa kioo unavyofanya katika maabara yetu, wakatafuta alama za gesi iliyopashwa moto na shimo jeusi. Mwaka 1997 wakatangaza kuwa zaidi ya asilimia 40 ya galaksi hizo zina dalili za kiini hai, na vingi vyake ni vififu mno. Kumbe jambo lililodhaniwa kuwa la nadra ni la kawaida! Lakini kazi hiyo ilitumia mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho. Je, na wale waliojificha nyuma ya vumbi?

Hapa naomba tuingie jikoni. Chukua jiko la makaa usiku baada ya chakula kuiva. Makaa yamefunikwa na majivu, hakuna wekundu unaoonekana. Mgeni akiingia atasema jiko limezimika. Lakini mama wa nyumba hasemi hivyo. Yeye hunyoosha kiganja juu ya jiko bila kuligusa, akajua papo hapo kuwa moto ungalimo. Kiganja kimepata habari ambayo macho yameikosa. Kilichofika kiganjani ni miale ya infraredi, ndugu ya mwanga wa kawaida, ila mawimbi yake ni marefu zaidi na macho yetu hayakuumbwa kuyaona.

Miale hiyo iligunduliwa mwaka 1800 na William Herschel, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza. Huyu ndiye yule yule aliyegundua sayari ya Uranasi mwaka 1781. Alipitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, akaweka vipimajoto katika kila rangi. Kisha akaweka kimoja nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote. Lo! Hicho ndicho kilichopanda zaidi. Jaribio hilo hata sisi twaweza kulifanya, mradi tupate mche wa kioo, vipimajoto vitatu na jua la saa sita, na jua huku kwetu si haba.

Mwanga wa kawaida una mawimbi ya urefu wa nusu mikroni hivi. Mikroni moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara elfu. Mawimbi ya infraredi huanzia karibu mikroni moja na kuendelea hadi mamia. Sasa, chembe za vumbi la angani aghalabu ni ndogo kuliko mikroni moja. Fikiria nguzo iliyosimamishwa baharini. Viwimbi vidogo vikiifikia huvunjika na kutawanyika, lakini wimbi kubwa huipita kana kwamba haipo. Ndivyo yalivyo mawimbi marefu ya infraredi mbele ya vumbi. Zaidi ya hayo, vumbi likimeza mwanga hupata joto, na kitu chenye joto hutoa infraredi. Kwa hivyo vumbi lile lile linaloficha kiini ndilo linalokitangaza. Majivu yameshika moto chini yake.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni galaksi yetu wenyewe. Katikati ya Njia Nyeupe, umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi, pana shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni nne. Ukitumia mwanga wa kawaida huoni lolote, kwani vumbi hupitisha takribani chembe moja tu ya mwanga katika kila trilioni moja. Ukitumia infraredi ya mikroni 2, hupita kama moja katika kila kumi. Tofauti hiyo ndiyo iliyoliwezesha kundi la Reinhard Genzel na lile la Andrea Ghez kufuatilia nyota zinazolizunguka shimo hilo, mojawapo ikimaliza mzunguko wake kwa miaka 16 tu. Mwaka 2020 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya fizikia pamoja na Roger Penrose. Na shimo lenyewe ni lala njaa! Hula kidogo mno, nuru yake ni hafifu. Lingekuwa katika galaksi nyingine ya mbali, hatungelitambua kwa urahisi.

Kwa nini basi kazi hii isifanywe tangu zamani? Taabu ni kwamba kila kitu chenye joto hutoa infraredi. Mwili wako we unayesoma ukurasa huu unang'aa sasa hivi, hasa kwa mawimbi ya mikroni 9 au 10. Hewa inang'aa, ukuta unang'aa, hata darubini yenyewe inang'aa. Kutafuta kiini kififu kwa mawimbi hayo ukiwa hapa duniani ni sawa na kutafuta kimulimuli adhuhuri. Isitoshe, mvuke wa maji uliomo hewani huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Ndipo ikabidi darubini zipelekwe angani na zipozwe. Mwaka 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha setilaiti ya IRAS, iliyopozwa kwa heliamu ya majimaji ikafanya kazi kwa miezi kumi. Mwaka 2003 Marekani ikarusha darubini ya Spitzer, yenye kioo cha sentimita 85. Heliamu yake iliisha mwaka 2009, na darubini ikapumzishwa mwaka 2020.

Sasa tufike penye kiini cha mambo. Kuona joto si kuthibitisha. Nyota changa kali nazo hupasha vumbi moto, na galaksi nyingi zina nyota changa tele katikati. Ukiona moshi wafuka jikoni, hujui bado ni nani anayepika. Mtaalamu mwenye haraka angesema "shimo jeusi hilo!" akaaibika. Kwa hivyo walihitaji alama ambayo shimo jeusi laweza kuitoa na nyota za kawaida haziwezi.

Alama hiyo ni neoni. Ndiyo, ile ile neoni ambayo katika kemia twafundishwa kwamba haitaki kuungana na yeyote. Atomi ya neoni ina elektroni kumi. Kuinyang'anya elektroni moja si kazi rahisi. Kuinyang'anya nne ni vita. Kuing'oa ile ya nne kunahitaji nishati ya elektronivolti 97, na hata nyota kubwa zenye joto kali kwa kawaida hazitoi mwanga wenye nguvu hiyo kwa kiasi cha kutosha. Gesi iliyo mlangoni mwa shimo jeusi hutoa. Atomi ya neoni iliyopoteza elektroni nne hutoa miale ya infraredi yenye mawimbi ya mikroni 14.3 na 24.3, ambayo hupenya vumbi bila taabu. Basi ukiiona miale hiyo, umeshika alama ya kidole ya mhusika.

Mwaka 2007 Shobita Satyapal na wenzake walitangaza kuwa wameiona alama hiyo kwa darubini ya Spitzer katika galaksi iitwayo NGC 3621, umbali wa miaka ya nuru milioni 22 hivi. Hakuna aliyekuwa akiihesabu galaksi hiyo kuwa na kiini hai. Ajabu yenyewe haikuishia hapo. Galaksi nyingi zina nundu ya nyota katikati, kama nundu ya ng'ombe, na ilikuwa imeonekana kuwa nundu ikiwa kubwa, shimo jeusi nalo huwa kubwa. Wengi wakawaza kuwa viwili hivyo hukua pamoja, na kwamba pasipo nundu hapana shimo. NGC 3621 ni bapa, haina nundu ya kutajika, na kumbe shimo limo! Je, shimo jeusi laweza kutangulia kabla ya nundu? Ni swali la kuku na yai, na lingali linachunguzwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2009, Andy Goulding na David Alexander wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walifanya sensa. Walichukua galaksi zing'aazo sana kwa infraredi zilizo ndani ya miaka ya nuru milioni 50 hivi, wakatazama vipimo vya Spitzer vya galaksi 64. Katika 17 waliikuta alama ya neoni. Na sasa sikiliza: karibu nusu ya hizo 17 hazikuwa zimetambuliwa kuwa na kiini hai kwa mwanga wa kawaida. Yaani katika kila viini viwili, kimoja kilikuwa kimepitwa. Mwalimu akisahihisha mtihani akaruka nusu ya majibu, utakubali alama zake? Hesabu ya mashimo jeusi yaliyo jirani yetu ilibidi itazamwe upya.

Mtu mwadilifu hahukumu kwa shahidi mmoja. Shahidi wa pili ni eksirei, miale mikali ambayo pia hupenya vumbi. Mwaka 2009 huo huo ilitangazwa kuwa setilaiti ya Chandra imeona nukta hafifu ya eksirei katika kiini cha NGC 3621, pale pale neoni ilipoelekeza kidole. Na hapa, wasomaji wenzangu, tuna haki ya kutembea vifua mbele. Setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, ikapewa jina Uhuru. Mbali na mengine mengi, Uhuru ilipima eksirei kutoka galaksi ya NGC 4151, mojawapo ya zile alizoziandika Seyfert mwaka 1943. Kwa hivyo asikwambie mtu kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Sura moja ya habari hizi ilianzia Pwani yetu, ikiwa na jina la Kiswahili.

Mambo bado! Tarehe 25 Desemba 2021, darubini ya Webb iliondoka duniani. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, hukusanya mwanga zaidi ya mara 40 kuliko Spitzer, na imewekwa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, nyuma ya kinga ya jua yenye ukubwa wa uwanja wa tenisi. Kifaa chake cha kupima mawimbi marefu ya infraredi hupozwa hadi nyuzi 266 chini ya sufuri. Mwaka 2025 Svea Hernandez na wenzake walieleza kuwa kifaa hicho kimeona alama za neoni iliyonyang'anywa elektroni nyingi karibu na katikati ya galaksi ya M83, umbali wa miaka ya nuru milioni 15 hivi. Kwa miaka mingi kiini hai kilikuwa kimetafutwa mle bila mafanikio. Hata hivyo wataalamu hao hawakupiga vigelegele. Walisema shimo jeusi ni maelezo mojawapo, na kwamba ni lazima waondoe kwanza uwezekano mwingine, kwa mfano gesi inayogongana kwa kishindo. Mimi nimeipenda adabu hiyo kuliko hata ugunduzi wenyewe.

M83 hiyo, msomaji, hupita juu yetu. Mwishoni mwa Mei, kati ya saa tatu na saa nne usiku, huwa imepanda juu upande wa kusini. Ukiwa mahali penye giza la kutosha, mbali na taa za mji, kidarubini cha mkononi chaonyesha kama kidoa cha ukungu. Hutaona neoni wala shimo jeusi, hilo nakwambia mapema usije ukanidai. Lakini utakuwa unautazama mlango ambao wataalamu wanaubisha hivi sasa.

Tena vipimo vya Spitzer na vya Webb havifichwi kabatini. Baada ya muda huwekwa hadharani, na yeyote mwenye elimu na kompyuta anaweza kuvichunguza. Haidhuru kama anasoma shule ya bweni au ya kutwa kama hii yetu, ambapo wengine wetu hufika asubuhi wakiwa na vumbi hadi magotini. Kinachohitajika ni fizikia, kemia na hisabati, masomo yale yale tunayoyakimbia tukidai ni magumu. Shime basi, tusiyaache.

Kalamu yangu sasa yataka kupumzika. Nimeeleza kwamba viini vififu vya galaksi jirani si viini vilivyokufa. Vingine vina njaa, vingine vimezidiwa na nyota, vingine vimefunikwa na vumbi. Nimeeleza pia kwamba kuvitambua kunahitaji mambo mawili, jicho linaloona joto na subira ya kutafuta ushahidi usio na shaka. Ukikosa la kwanza utasema hakuna kitu mahali penye kitu. Ukikosa la pili utasema kuna kitu mahali pasipo na kitu. Makosa yote mawili ni mabaya, iwe angani au hapa shuleni.

Wasalaam.